Dereva na Konda

Baba yangu aliendesha daladala kwa miaka 19, na karibu miaka yote hiyo konda wake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Gari lilikuwa Toyota DCM la tajiri mmoja wa Temeke aliyetaka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe, jua liwake. Njia ni Mbagala–Kariakoo. Walitoka nyumbani pamoja saa kumi alfajiri, wakarudi pamoja saa nne usiku. Walikula kwa mama ntilie yule yule, wakanywa chai ya birika moja. Kilichowatenga ni hatua tatu tu: mmoja alikaa kwenye usukani, mwingine alisimama mlangoni.

Baba alipata kiharusi mwaka 2009, akiwa na miaka 54. Baba mdogo yuko hai, amepita miaka 65, na wiki iliyopita nilimkuta nyuma ya nyumba yake anachimba shimo la taka. Jembe mkononi, anahema kidogo, ananilaumu kwa nini nimekuja mikono mitupu.

Kwa muda mrefu nilisimulia habari za ndugu hawa wawili kama hesabu iliyokwisha kupigwa. Aliyekaa akaugua, aliyesimama akapona. Siku hizi nasimulia kwa tahadhari, na aliyenifunza tahadhari hiyo ni baba mdogo mwenyewe.

Anayepanda daladala kila siku anaweza kuangalia ukonda bila kuuona. Gari likisimama konda anaruka chini kabla halijatulia. Anaita, anapakia, anasukuma mgongo wa abiria wa mwisho, anapiga bodi, gari linaondoka yeye bado yuko lami, anakimbia hatua tano sita ndipo anadaka mlango. Ndani anapenya katikati ya watu waliobanana kama dagaa, anadai nauli mpaka siti ya nyuma, anarudi. Kituo kinachofuata anaanza upya. Tripu moja ina vituo vingi, na kwa siku walipiga tripu mpaka miguu ikasahau idadi. Baba mdogo alikuwa anamaliza pea ya kandambili kila baada ya wiki chache, na mama alikuwa akisema afadhali angezaliwa na kwato.

Suka, yaani dereva, kwa upande wake, alikaa. Mguu wa kulia kwenye mafuta na breki, wa kushoto kwenye klachi, basi, huo ndio mwendo wake wote. Joto la injini likimpanda mapajani, trafiki mbele, deni la tajiri kichwani, foleni ya Mtongani isiyosogea. Na kwa kuwa alikuwa bosi wa gari, aliletewa. Abiria wanapopakiwa yeye anapokea dirishani soda baridi, mfuko wa karanga, chipsi mayai iliyofungwa kwenye karatasi na chumvi ya kumwaga. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari. Nakumbuka idadi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kukoroga.

Miaka mingi baadaye nikasoma habari za daktari mmoja Mwingereza, Jerry Morris. Mwaka 1953 alichapisha matokeo ya kuwachunguza maelfu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale mekundu ya ghorofa. Dereva kule naye anakaa siku nzima. Konda kazi yake kupanda na kushuka kukata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa siku moja. Basi makonda walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioyapata yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi, tena hayakuwaua upesi kama madereva. Morris akatazama na posta, akakuta mambo ni hayo hayo: wagawa barua waliozunguka mitaani kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa mezani.

Nilimaliza kusoma nikatanabahi kwamba sijainuka kitini tangu saa mbili asubuhi. Mimi ni mhasibu. Suka wa makaratasi.

(Lugha yetu nayo ina utani. Konda wa gari asili yake ni neno la Kizungu, na kukonda ni neno letu la tangu enzi, hayana udugu wowote. Lakini hebu sema "konda amekonda" halafu ujaribu kuyatenganisha.)

Nikaenda kwa baba mdogo nikiwa na kisa changu mkononi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Nikamweleza habari zote za London, yeye anamenya mhogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Umeanzia mkiani, baba. Kaka alikuwa mnene tangu tuko Rufiji. Mimi nilipewa mlango kwa sababu nilikuwa mwembamba. Mtu wa mwili ule angesimama mlangoni, abiria wangepita wapi?"

Akaingia ndani akatoka na picha ya mwaka 1990. Baba ameegemea boneti, miwani ya jua, shati la maua, na kitambi tayari kimeshatangulia mbele ya mkanda. Hapo hana hata mwaka mmoja kwenye usukani.

Sikuwa na la kujibu. Niliporudi kusoma zaidi nikakuta Morris mwenyewe alishalisumbukia swali la baba mdogo. Mwaka 1956 yeye na wenzake walitazama rekodi za sare za wafanyakazi wale wa mabasi, wakapima upana wa viuno vya suruali. Madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda hata wakiwa bado vijana. Kwa hiyo sehemu ya jibu ilikuwa imeshashonwa kwenye suruali kabla ya ngazi hata moja kupandwa. Tafiti nyingi zilizokuja baadaye ziliuweka unene kwenye hesabu na bado zikakuta kwamba kuutumikisha mwili kwenyewe kunalinda moyo. Jambo hilo leo halina ubishi. Ila nampenda mtu anayerudi kukagua suruali za watu ili kuona kama hoja yake mwenyewe inavuja. Morris alikuwa akikimbia kwa mazoezi zama ambazo mtu mzima kukimbia bila kufukuzwa lilikuwa jambo la kushangaza, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Hilo silitoi kama ushahidi. Nimelitaja kwa kufurahia tu.

Mwaka huo huo ndio tuliofikwa sisi.

Baba alikuwa anajua ana presha. Aliambiwa mwaka 2003, akaandikiwa vidonge, akavimeza kama wanavyomeza wanaume wengi ninaowajua: kichwa kikiuma anameza, kikiacha anaacha. Tatizo la presha ni kwamba haiumi. Gari linatoa moshi likizidiwa, breki zinalia zikiisha, na baba alikuwa anaweza kukuambia kwa sikio tu kwamba bearingi ya gurudumu la nyuma kushoto imeanza kwenda. Mwili wake mwenyewe haukumlilia hata mara moja mpaka asubuhi ile aliyotaka kufunga vifungo vya shati akakuta mkono wa kulia haumsikii.

Alipona nusu. Mguu ulirudi kiasi, maneno yakarudi, mkono haukurudi. Na mkono wa kulia kwetu si mkono wa kazi tu. Ni mkono wa kulia, kama jina lake linavyosema: ni wa kula. Baba alilelewa kwamba wa kushoto haugusi sahani. Alianza kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, akaona haya, akawa halii tena mkekani na sisi. Alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya pazia. Miaka 6 hivyo, mpaka alipofariki. Watu wakiniuliza kiharusi ni nini sielezi habari za mishipa. Naeleza habari za lile pazia.

Gari lilirudi kwa tajiri, akapewa deiwaka, dereva wa kushikilia. Baba mdogo akaacha ukonda mwaka uliofuata akawa anauza mkaa, mizigo akiisukuma mwenyewe kwa toroli.

Ungedhani baada ya hayo ningejifunza. Nilijifunza mwaka 2019, Sabasaba, tena kwa bahati. Nilimpeleka mwanangu kuona matrekta. Jua kali, tukajibanza kivulini kwenye banda la vipimo vya bure, nesi akanifunga mkanda wa mashine kwa sababu tu nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wagonjwa. 152 juu, 96 chini. Akapima tena. Akaniuliza, "Baba, hujisikii chochote?" Nikamwambia sijisikii chochote. Nilisikia sauti ya mzee kwenye jibu langu.

Nilikuwa na miaka 38 na kilo 94. Si kwamba nilikuwa peke yangu: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umekuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya kupanda. Robo. Ndani ya DCM ya baba iliyojaa, hao ni watu wengi.

Lazima niseme kwamba ofisini tulikuwa na mazoezi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kitaifa, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawa siku ya mazoezi. Jambo jema, na ofisi yetu ililipokea kwa mikono miwili: tulishonewa fulana za rangi moja. Tukikutana tunakimbia dakika 40, tunapiga picha, kisha tunakaa kwenye supu ya mbuzi na chapati kwa saa mbili, soda juu. Mara moja kwa mwezi. Sidhani kampeni ilikusudia hivyo. Ilitutaka tuanze, sisi tukafanya ndiyo kumaliza.

Daktari niliyemwona baada ya Sabasaba alinipima siku tatu tofauti kabla ya kusema neno, akanipa miezi kadhaa ya kujaribu bila dawa, na akanionya kwamba huenda zikahitajika tu. Nikaingia klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Asiyeishi Temeke au Mbagala hawezi kujua raha ile: Jumapili bado giza, vijana na wazee na wamama wa sokoni katika mistari miwili, mmoja anaanzisha wimbo wengine wanaitikia, kama mchakamchaka wa shule ya msingi, ila sasa hakuna mwalimu mwenye fimbo. Wiki ya kwanza nilitapika karibu na kituo cha mafuta. Mwezi wa tatu nikawa naitikia nyimbo nikiwa nakimbia.

Kilo hazikushuka. Nilikasirika. Nilikimbia mara tatu kwa wiki, mizani inasoma 93.

Hapo ndipo nilipokutana na Wahadza. Si ana kwa ana, kwa kusoma. Wahadza wa ziwa Eyasi wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali, na kwa siku wanatembea mwendo ambao mimi nautembea kwa wiki. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Mmarekani Herman Pontzer walichapisha vipimo vya nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku. Ukizingatia ukubwa wa mwili, ilikuwa sawa na ya Wamarekani na Wazungu wa kukaa ofisini. Mwili ni mchumi kuliko nilivyodhani. Ukiutumikisha sana huku, unabana matumizi kule. Ina maana Mhadza hajawa mwembamba kwa kutembea tu, na mimi singekuwa mwembamba kwa kukimbia tu. Kukimbia kulikuwa kunausaidia moyo wangu na sukari yangu ya damu. Kiuno changu kilikuwa kwenye sahani.

Nikageukia sahani, yaani nikamgeukia mke wangu, na nikiri kwamba nilianza vibaya, kwa kutoa maagizo. Alinijibu kwamba jiko liko pale, na mchicha unauzwa kwa jirani.

Kwa hiyo nikaenda mwenyewe. Nimegundua mambo ambayo wanawake wa nyumba yetu walikuwa wanayajua siku zote. Fungu la matembele ni bei ya kuchekesha ukilinganisha na sahani ya chipsi. Kisamvu cha nazi kikiungwa kwa karanga hakimwachi mtu na hamu ya nyama. Tulihama kutoka sembe kwenda dona, na watoto waligoma wiki mbili kwamba ugali una rangi ya vumbi. Sasa wanakula, mkubwa anasema hata sembe inamfanya ahisi njaa haraka. Sembe inatiwa thamani na weupe wake, na weupe huo unatokana na kukobolewa, pumba na kiini vikaenda kwa kuku. Kwa miaka mingi tuliwalisha kuku chakula bora kuliko chetu.

Soda niliacha siku niliposoma lebo kwa macho ya mhasibu. Chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko tisa hivi vya chai. Chai ya baba ya vijiko vinne ilikuwa mchezo.

Chumvi ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo imo iliyojificha kwenye mkate, kwenye kiungo cha mchuzi cha pakiti na kwenye dagaa wa chumvi. Tuliondoa kikopo mezani, tukazidisha ndimu na pilipili. Chipsi bado nakula. Ijumaa mbili kwa mwezi, kwa kijana wa kona, na simwambii aache chumvi. Akiweka naweka mdomo.

Mwaka ukapita, kilo 9 zikaondoka. Ndipo matatizo mapya yakaanza.

"Umekonda." Kwetu neno hilo halijawahi kuwa la pongezi. Mwenzangu wa masijala alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya msibani kama nimepima. Mama mkwe alimpigia simu mke wangu kumuuliza kama hanilishi. Fundi wangu wa nguo alipunguza suruali bila kuniangalia usoni. Siwalaumu, sisi tuliokulia miaka ya tisini tuliona watu wakikonda mtaani, na tulijua habari hiyo inaishia wapi. Kitambi kilikuwa cheti cha uzima. Mtu anayepungua kwa hiari lazima ajieleze, anayenenepa anaambiwa maisha yamemkubali. Waandaaji wa mabango ya afya wangeanzia hapo, kwenye ulimi wa mama mkwe, kabla ya kuchora matunda.

Na kuna mambo ambayo fungu la matembele haliyatatui. Mke wangu angependa kukimbia alfajiri, lakini mtaa wetu hauna taa wala njia ya waenda kwa miguu, na mwanamke peke yake gizani anakimbia kwa sababu nyingine. Anatembea mara 30 kuzunguka uwanja wa shule jioni. Dereva wa leo anakaa saa 14 na kituoni hana hata choo cha kueleweka, sembuse mahali pa kunyoosha mgongo. Ukimwambia "fanya mazoezi" anakuangalia tu, na ana haki.

Lakini pale mtu anapopata nafasi, hesabu ni nzuri mno. Marekani waliwachukua watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wakawagawa: wengine dawa, wengine kidonge bandia, wengine chakula bora na dakika 150 za mwendo kwa wiki, lengo likiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito. Matokeo yalitoka mwaka 2002. Dawa ilipunguza kisukari kwa asilimia 31. Mwendo na sahani vikapunguza kwa asilimia 58. Dakika 150 ni kutembea nusu saa, siku tano. Ni kushuka vituo viwili kabla ya chako.

Mimi nashuka vituo viwili kabla ya changu. Presha yangu sasa ni 130 na kitu, na hata hivyo nameza kidonge kimoja kila asubuhi, kichwa kiume kisiume. Daktari alisema kweli, dawa zilihitajika tu. Mwili huu nimeurithi kwa mwenye picha ile ya 1990. Sioni aibu ya kidonge. Kitu kinachonisumbua zaidi ni kwamba sitajua kamwe kama nimejiepusha na chochote. Mtu aliyetibiwa ana siku ya kukumbuka, ana daktari wa kumshukuru. Aliyejikinga ana asubuhi tu, anafunga vifungo vya shati, vinafungika, anaondoka.

Mwezi uliopita nilipanda daladala na baba mdogo kwenda Temeke, msibani. Gari limejaa. Kijana mmoja akainuka, "Shikamoo mzee, karibu ukae." Baba mdogo akaitikia marahaba, akamshukuru sana, akamrudisha kitini kwa kumshika bega, na yeye akasogea mpaka mlangoni, pembeni ya konda, mkono mmoja kwenye bomba la juu. Nikamwambia akae. Akasema amekaa vya kutosha jana.

Tulipokaribia kituo chetu konda alikuwa ameinamia chenji. Baba mdogo akanyoosha mkono nje akapiga bodi mara mbili. Gari likasimama.